Nani Kasema Buseresere Hakuna Burudani?

Kuna msemo uliozoeleka miongoni mwa watoto wetu waliokulia Mwanza na Dar es Salaam, na hata miongoni mwa wazee wenzangu waliokwisha kusahau walikotoka. Wakirudi nyumbani kwa msiba au kwa Krismasi, siku ya pili haiishi kabla hawajatamka kwamba huku hakuna burudani, na kwamba watu wa huku wakimaliza kazi hawana la kufanya isipokuwa kukaa. Nimeusikia msemo huo mara nyingi mno. Kwa kuwa nimeshapita miaka sabini na sina tena cheo cha kuogopa kukipoteza, nataka niujibu. Nasema ni uongo. Tena ni uongo wenye hasara, kwa sababu wapo watu wanaoupokea kwa mikono miwili na kuufanyia biashara.

Kwa msomaji asiyepajua, Buseresere ipo kando ya barabara kuu itokayo Geita kuelekea Bwanga na Biharamulo. Imeshikana na Katoro kiasi kwamba mgeni hawezi kujua mji mmoja umeishia wapi na wa pili umeanzia wapi, ingawa Katoro ni Wilaya ya Geita na Buseresere ni Wilaya ya Chato. Sisi wenyeji tumebadilishiwa mikoa bila kuhama: tulikuwa Ziwa Magharibi, mwaka 1979 tukaitwa Kagera, na mwaka 2012 tukawa Geita. Zamani tuliishi kwa pamba, mihogo na mahindi. Leo kuna maduka pande zote za barabara, pikipiki zisizohesabika, nyumba za wageni, na karibu kila familia ina kijana wake kwenye duara la dhahabu mahali fulani.

Sasa tuanze na neno lenyewe. Hao wanaosema hatuna burudani hupenda kutuuliza swali moja la kisomi: "Hobi yako ni nini?" Mzee wa Buseresere akiulizwa hivyo hutazama chini, na muulizaji huondoka ameridhika kwamba amepata ushahidi. Lakini ni swali la namna gani hilo? Wasomaji wa rika langu watakumbuka kurasa za marafiki wa kalamu katika magazeti yetu: picha ndogo ya kijana aliyenyoosha shingo, jina, umri, sanduku la posta, kisha mapendeleo yake. Na mapendeleo yalikuwa yale yale kutoka Bukoba hadi Mtwara: kusoma vitabu, kusikiliza muziki, kutazama mpira, kubadilishana mawazo na zawadi. Zawadi haikukosekana. Baadaye orodha hiyo hiyo ikahamia kwenye barua za kuomba kazi na nafasi za masomo. Kwa miaka niliyokaa katika ualimu, kwanza shuleni na hatimaye katika chuo cha ualimu, barua za namna hiyo nimezisoma kwa mamia. Waombaji walioandika "kusoma vitabu" nilikuwa na desturi ya kuwauliza kitabu cha mwisho walichosoma kwa hiari yao. Wengi walinitajia kitabu cha mtihani.

Katika barua zote hizo sikumbuki hata moja iliyoandikwa "kucheza bao". Sikumbuki iliyoandikwa "kusuka mikeka", wala "kupiga ngoma", wala "kutega ndege". Vijana waliokuwa mabingwa wa mambo hayo, ambao niliwaona kwa macho yangu wakicheza drafti kwa vizibo vya soda nyuma ya bweni, walipokamata kalamu waliandika kwamba wanapenda kusafiri. Msafiri huyo hajapata kufika mbali kuliko Nyakanazi! Waliamini kwamba jambo la kwao halistahili jina hilo la kigeni. Na kamusi nazo hazikutusaidia sana. Neno zinalotupatia ni "uraibu", na neno hilo hilo ndilo tunalolitumia leo tunapozungumza juu ya watu walionaswa na dawa za kulevya. Mchezo wa mtu wakati wa kupumzika na ugonjwa wa mtu aliyenaswa vimewekwa katika chungu kimoja. Hayo niyaache kwa wanaisimu, ingawa mbele kidogo msomaji ataona kwamba chungu hicho si cha kuchekesha.

Nirudi kwenye bao, maana hapo ndipo penye hoja yangu.

Wasukuma huliita isolo. Halihitaji mtaji. Tulichimba mashimo ardhini chini ya mti, tukaokota mawe au mbegu, mchezo ukaanza. Wazee wenye nafasi walikuwa na mabao ya kuchonga, na waliokwenda pwani walirudi na bao la Kiswahili lenye safu nne za mashimo manane na kete 64. Katika bao hilo kila mchezaji huanza na kete 22 mkononi. Hunamua, yaani huziingiza moja moja, huku akiilinda nyumba yake na kuinyemelea ya mwenzake. Kete za mkononi zikiisha, wanaingia katika mtaji, na hapo asiyejua kuhesabu anatembea uchi. Kete moja ukiiweka pasipofaa, raundi ya tatu baadaye safu yako ya mbele imekauka. Wazee ambao hawakuwahi kuingia darasani walikuwa wakiziona hesabu hizo kichwani, bila kugusa shimo, kabla mwalimu mwenye cheti hajamaliza kuhesabu kete za kwanza.

Atakayesema natia chumvi, ajue kwamba Mholanzi mmoja, Alex de Voogt, alikwenda Zanzibar kukaa na mabingwa wa bao na kupima uwezo wao wa kukumbuka na kukokotoa. Kwa kazi hiyo akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Leiden mwaka 1995. Mtu ametoka Ulaya kuja kusomea udaktari juu ya akili za wazee waliokaa barazani, na sisi tunasema wazee hao "wamekaa tu". Mwalimu Nyerere naye alipenda bao, na hakuna aliyepata kumwambia kwamba hana la kufanya.

Kando ya bao kulikuwa na ngoma. Baada ya mavuno, vyama vya ngoma vya Usukumani, Bagika upande mmoja na Bagalu upande mwingine, vilishindana hadharani, na mshindi alikuwa yule aliyevuta umati mkubwa zaidi. Hapakuwa na jaji wala tiketi. Watu wenyewe walisogea kwa miguu yao kutoka duara hili kwenda lile, na huo ndio uliokuwa uamuzi. Ili kuvuta umati ilibidi ufanye mazoezi miezi mingi, ubuni mambo, utunge maneno ya kumkera mpinzani. Pale Bujora, karibu na Kisesa, Makumbusho ya Wasukuma yamehifadhi habari za vyama hivyo. Nilipokuwa kijana havikuwa vitu vya makumbusho. Kulikuwa pia na mpira wa matambara, na baadaye wakaja watuma salamu wa redio, watu walionunua kadi kwa fedha zao ili majina yao yasomwe Radio Tanzania Dar es Salaam, na ambao walijulikana kwa majina ya utani nchi nzima ingawa hapo kijijini walikuwa mafundi baiskeli.

Mambo hayo yote yana tabia moja. Mtu anafanya mwenyewe, hafanyi kwa ujira, anazidi kuwa hodari kadiri anavyorudia, na wapo watu wanaomjua kwa uhodari huo. Sina maelezo mengine ya burudani, na sidhani kama nayahitaji.

Sasa msomaji atauliza: kama mambo yalikuwa mazuri hivyo, nani aliyaharibu? Jibu la haraka ni televisheni na simu. Mimi silikubali moja kwa moja. Televisheni ilikuta nafasi imeshaanza kufagiliwa, na waliofagia walikuwa watu wa kalamu. Tangu zamani viongozi wetu wa ngazi mbalimbali wamekuwa na chuki ya pekee na mtu mzima anayeonekana akicheza mchana. Mwaka 1983 ilitungwa sheria ya kumtaka kila mwenye nguvu afanye kazi, ile iliyojulikana kama Nguvu Kazi, na ikawa rahisi kwa mgambo kumfikiria kila aliyekaa kivulini kuwa mzururaji. Tangu wakati huo amri za kukataza bao, drafti na meza za puli wakati wa kazi zimetoka kila mara, na kila anayezitoa hupigiwa makofi.

Wakulima walijua saa zao kuliko mtoa amri. Mtu aliyeingia shambani alfajiri na kutoka jua lilipokuwa kali, akakaa chini ya mwembe saa nane mchana, alikuwa ameshamaliza kazi ambayo ofisa aliyempita kwa gari hajaianza. Bao la saa nane mchana lilikuwa mapumziko halali. Lakini lilionekana, na likaitwa uvivu. Ofisa mwenyewe aliyekunywa bia jioni nyuma ya ukuta wa klabu hakuonekana, kwa hiyo yeye alikuwa anapumzika.

Basi bao likafukuzwa kivulini. Na kivuli hakikukaa wazi.

Julai 2025 nilikwenda Buseresere. Nilivuka Kigongo hadi Busisi juu ya daraja jipya la kilomita 3 lililofunguliwa mwezi mmoja kabla, kwa dakika chache tu, mahali ambapo zamani foleni ya kivuko ilitosha kucheza drafti hadi mtu achoke kushindwa. Nilikaa nyumbani siku tisa. Nilichokiona hakikuwa ukosefu wa burudani hata kidogo. Niliona vibanda umiza vimejaa vijana waliolipa kiingilio kutazama mpira. Niliona vibanda vya kubeti. Na kwenye vibaraza vya maduka, tena mahali palipokuwa pa bao, niliona zile mashine za kamari ambazo vijana wanaziita dubwi, zinazomeza sarafu za shilingi 200. Kwenye kibaraza kimoja niliwasalimia vijana sita, "Mwadila!", kama inavyompasa mtu anayepita mchana. Hakuna aliyegeuza shingo. Sikuwalaumu. Mashine ilikuwa inawaka taa.

Hapa naomba nifanye hesabu kidogo, maana ni ugonjwa wa walimu. Tuseme mashine ni ya huruma, na katika kila shilingi 100 inazotiwa inarudisha 90. Kijana ana shilingi 10,000. Anazitia zote, zinarudi 9,000. Hizo nazo anazitia; zinarudi 8,100. Akiendelea hivyo mara kumi, amebaki na shilingi 3,487, na bado anaamini yuko karibu kushinda kwa sababu njiani sarafu zimemwagika mara kadhaa kwa kelele. Mashine haichezi naye. Imeshamaliza hesabu tangu kiwandani. Katika isolo, aliyeshindwa jana huenda nyumbani akafikiri alipokosea, na leo akarudi mjanja zaidi. Kwenye dubwi, mtu aliyecheza miaka mitano hana ujuzi wowote kumzidi aliyeanza asubuhi hii.

Na mashine hiyo ina leseni. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 imeunda bodi ya kuisimamia, inatozwa kodi, na inakataza aliye chini ya miaka 18 kucheza. Sheria hiyo naiheshimu. Lakini mwenye duka hana muda wa kuuliza umri wa kila mkono unaoingiza sarafu, na watoto wenye sare za shule niliwaona mwenyewe. Hebu tulitazame jambo hili kama lilivyo: mzee mwenye mawe 64 na mashimo ardhini ni mzururaji, bali sanduku linalokula fedha za kijana mchana kutwa ni biashara. Mimi nashindwa kuelewa ni uvivu gani unaopingwa hapa, ikiwa ule unaolipa ushuru unaachwa uendelee.

Nimeshaambiwa kwamba nachagua upande, kwa kuwa bao nalo huchezwa kwa fedha. Ni kweli wapo waliocheza kwa kuwekeana soda, au hata zaidi. Lakini fedha ya bao ilitoka mfuko wa jirani ikaingia mfuko wa jirani, na aliyeshinda alikuwa na sura na jina; kesho angeombwa mkopo wa debe la mahindi na asingeweza kukataa. Fedha ya mashine huondoka na mtu anayekuja na funguo.

Nimeambiwa pia kwamba mpira wa televisheni unawaunganisha vijana na dunia. Waungane nayo, sina ugomvi. Mimi mwenyewe hutazama. Ila nilikuta kijana anayeweza kukutajia wachezaji wote wa akiba wa Arsenal, wala hakumbuki kwamba msimu wa 2021/22 mfungaji bora wa Ligi Kuu ya Tanzania, George Mpole, mwenye mabao 17, alivaa jezi ya Geita Gold, timu ya mkoa wake mwenyewe. Timu hiyo ilishuka daraja mwaka 2024, na huko Buseresere sikusikia hata mtu mmoja akiomboleza. Kijana huyo nilimwuliza anachezea wapi yeye. Akanionyesha simu.

Na hapo lipo jambo la viwanja. Kipande cha ardhi tulichochezea utotoni sikukiona tena. Kuna fremu za maduka. Nani alikigawa na kwa utaratibu gani sitajadili hapa. Nasema tu kwamba mji ukikua kwa kasi ya dhahabu, ardhi iliyo tupu huonekana kama fedha iliyosahauliwa, na hakuna anayeitetea kwa sababu hakuna anayeimiliki. Kisha tunawahubiria watoto wacheze.

Nilitazamia kuulizwa habari za akina mama, na nimeulizwa. Binti yangu aliniambia kwamba wanaume wa zamani walipata nafasi ya kucheza bao kwa sababu kuna mtu alikuwa anateka maji. Hoja hiyo ni ya haki na siikwepi. Mwanamke wa kijiji hakuachiwa mchezo usio na faida. Mapumziko yake yalikuwa mkeka, kikapu, au vile vitambaa vya kufuma vilivyofunika kila kiti na kila redio nchini, na alifuma huku akitazama maharage jikoni. Lakini nenda katazame kazi hizo. Hakuna mkeka unaohitaji rangi tatu zilizopishana kwa hesabu ili mtu aulalie. Yule mama aliweka hesabu hizo kwa furaha yake mwenyewe, na majirani walijua mkeka wa nani ni upi bila kuuliza. Nikiambiwa kwamba akina mama waongezewe saa za kupumzika, naunga mkono. Nikiambiwa kwamba kwa hiyo mzee aondolewe bao, sioni maji yatatekwa na nani.

Kwa nini naling'ang'ania jambo linaloonekana dogo? Kwa sababu ya dhahabu. Katika ukanda wetu kijana hupimwa kwa neno moja: amepata au hajapata. Aliyepata huzungukwa na marafiki wiki mbili, hununua pikipiki, hulipia bia meza nzima, kisha hurudi shimoni bila kitu. Asiyepata hana pa kusimama kabisa. Chini ya mwembe ilikuwa tofauti. Mtu mwenye ng'ombe 200 alifungwa bao na mchunga ng'ombe wake, watu wakacheka, na kesho yake akarudi kuomba mchezo mwingine. Mchunga ng'ombe yule alikuwa na heshima ambayo bei ya pamba haikuweza kuipandisha wala kuishusha. Kijana wa duara anahitaji heshima ya namna hiyo kuliko tulivyoihitaji sisi, maana maisha yake yanapanda na kushuka kila wiki. Akiikosa, ataitafuta kwenye sanduku lenye taa.

Nisemacho hakihitaji mfadhili wala warsha. Wanaopima viwanja Buseresere na Katoro waache eneo moja wazi kila upande, waliandike kwenye ramani, na lisigawiwe hata kwa ajili ya msikiti au kanisa. Mashine za kamari zikae mbali na shule na ziondoke vibarazani. Mgambo aache wazee. Walimu wa michezo, ambao vyuo kama Butimba vimewafundisha kwa miaka mingi, wapewe kipindi cha michezo kilicho kwenye ratiba bila kunyang'anywa kwa ajili ya masomo ya ziada ya mtihani, na isolo iingie humo humo, maana hakuna somo la hesabu lililo rahisi kuliko hilo.

Na ninyi mtakaokuja Desemba kutuambia kwamba huku hakuna burudani, msije mikono mitupu. Leteni mipira miwili ya ngozi na pampu yake. Mabao ya kuchonga msihangaike nayo, mafundi seremala tunao. Vitabu vya hadithi ni muhimu, na yule aliyeandika katika barua yake ya kazi kwamba anapenda kusoma, aanze kwa kutuletea kile anachokisoma sasa.